Adesi za Maji

Shinuna alipokwenda Nizwa kusomea ufamasia
aliniachia tangi la lita themanini,
samaki mmoja mwekundu mwenye mkia wa shela,
na karatasi aliyoibandika kwenye friji:
*Babu, usiache majani yakafunika juu. Nusu kwa nusu.*

Mimi niliyesoma mita za maji za watu
Sibu nzima, miaka thelathini na moja,
nikiinamia mashimo ya zege na tochi mdomoni,
leo nasoma uso wa maji sebuleni kwangu.

Ule mmea mkubwa, wenye mizizi kama ndevu za beberu,
sina kesi nao. Ukizidi naushika shingo, nautoa.
Ugomvi wangu na hivi vidogo,
kila kijani sawa na punje ya adesi,
na muuzaji wa Ruwi ndivyo avitavyo: adesi za maji.
Shinuna anaapa hakuzinunua,
zilijificha ndani ya mfuko wa samaki.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
hizi siku ya tatu zilikuwa zimeshalima tangi zima.

Nazichota kwa chujio la chai
(la zamani; jipya Bi Zuwena amelificha).
Nachota Jumapili, Jumatano zimerudi.
Moja husalia chini ya kifuniko,
moja hunasa kwenye malaika ya mkono,
nikitia udhu naikuta kiwikoni.
Moja inatosha.

Hazipendi maji yaendayo.
Pampu ilipokuwa ikizipiga
zilizama, zikaoza, pakanuka mtungi uliosahauliwa.
Nikaugeuza mdomo wake utazame kioo.
Nikakata mpira wa hewa, nikaziunga ncha,
ikawa pete inayoelea, ndani yake maji matupu,
na hapo ndipo ninapotupia chakula.
Samaki ameshapajua. Husubiri katikati
kama mtu aliyewahi miadi.

Bi Zuwena akasema: si uzimwage kwenye falaji,
tukienda Izki?
Hapo nilipandisha sauti, Mungu anisamehe.
Falaji ile ina zamu, nusu saa kwa nusu saa,
baba yangu alirithi zamu moja na robo
na aliamka usiku wa manane kuilinda.
Nani atasimama mbele ya mgawa maji aseme
kwamba zamu ya fulani imezibwa
na majani ya tangi la mjukuu wangu?
Nazianika juu ya paa. Kwa jua la Julai
hata saa haipiti, zimekuwa ungaunga,
nazitia kwenye chungu cha rehani.
Rehani imenenepa kunishinda.

Alhamisi nimeshika chujio, nimeinama,
naona povu pembeni, chini ya adesi.
Nikadhani sabuni. Nikamshuku mtu, simtaji.
Kumbe ni yeye, mwekundu:
anapanda, anavuta pumzi,
anarudi na kipovu mdomoni,
anakibandika chini ya majani,
kimoja, kingine, kingine,
na kikipasuka anaanza tena pale pale.
Anajenga nyumba ya mayai.
Jike hamna humu, wala hatoletwa.

Nikapima kwa macho, kama zamani mita ikiharibika:
adesi robo tatu, mwanga robo.
Mimea ya chini imeshaanza umanjano.
Karatasi ya friji inasema nusu.
Nikachota upande wa dirisha, kijiko kwa kijiko,
mkono nimeuzuia usitikise maji.
Upande wake sikuugusa.

Usiku Shinuna akapiga simu.
"Babu, umechota?"
"Nimechota."
"Nusu?"
Nikatazama ile pembe.
"Karibu na nusu."

Miaka thelathini na moja, katika daftari la serikali,
sikuwahi kuandika *karibu*.